Dishi letu bado liko juu ya bati

Kabuhoro, Kirumba
Mwanza
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Leah,

Mwangaluka, shoga yangu. Najua barua hii ikikufikia itakuwa si asubuhi tena, lakini mimi naandika asubuhi, chai iko mezani na Baba Kulwa bado anakoroma. Sisi hatujambo. Mama yuko kwetu tangu Juni alipotoka Ukara; magoti yanamsumbua ila mdomo ni mzima kabisa. Anakusalimu, na anauliza kama shemeji bado anakula ugali wa muhogo au Dar imeshamharibu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ile sauti yako ya dakika sita uliyonitumia WhatsApp. Unaniambia niuze king'amuzi, nishushe dishi, nihamie mtandaoni kama wewe, eti mambo ya kulipia vifurushi vya dishi ni ya wazee. Nikaona nikikujibu kwa sauti hesabu zitanipotea katikati. Hesabu ninazo kwenye daftari la dagaa, ukurasa wa nyuma, maana mwezi wote wa Agosti nimekuwa nalijaribu hilo wazo lako. Sikukwambia tu.

Nianze na tulichonacho. King'amuzi chetu cha Azam kinakula 28,000 kwa mwezi. Wanaoangalia ni watu saba: sisi wawili, Kulwa na Doto, Mama, mdogo wangu na binti wa kazi. Jirani anayekuja na stuli yake simhesabu. TV inawashwa jioni na kuzimwa saa nne, Jumamosi ndiyo haizimwi kabisa. Iangaliwe saa moja au saa kumi, ni 28,000 ileile. Hilo lishike, nitalirudia.

Basi nikamwambia Kulwa aniunganishie Netflix. Ile akaunti yako uliyonigawia ilishagoma siku nyingi, kwa kuwa tangu 2023 hawataki nyumba mbili zitumie akaunti moja, na TV ilijua fika kwamba Tabata kwako na Kirumba kwetu hazilali chini ya bati moja. Nikalipa ya kwangu, kile kifurushi cha chini, elfu kumi na kitu, kwa kadi ya mtandaoni niliyotengeneza kwenye simu. Hapo nikacheka mwenyewe jikoni. Kutoka 28,000 hadi kumi na kitu! Nikasema Mama Leah ana akili kuliko sisi wote.

Cheko lenyewe lilidumu siku nne.

Ijumaa walikuja watoto wa dada kulala kwetu. Nilikuwa nimejiunga GB 20 kwa 40,000, nikijua zitanifikisha mwisho wa mwezi, kwani biashara yangu ni picha na sauti za WhatsApp tu. Nikawaachia simu iwape TV hotispoti, nikaenda kulala. Saa tisa usiku nikashtuka, bado wanacheka sebuleni. Sikusema kitu, wageni ni wageni. Asubuhi niko sokoni Mwaloni, nimesimama mbele ya magunia yangu. Dagaa walikuwa wamekauka vizuri siku ile, wale wa kwenye chanja, wanang'aa kama sindano, hata chembe ya mchanga hakuna. Nawapiga picha nimtumie mteja wangu wa Bukavu. Picha inazunguka. Naisogeza simu juu, inazunguka. Naangalia salio: bando limekwisha, limekwisha kabisa, halikubakiza hata kidogo cha kuombea maji. Kwenye simu nilikuwa na hela ya wabebaji peke yake. Nikamega humo nikajiunga la buku, na picha ilipokwenda, mwenzangu wa meza ya pili alikuwa ameshatuma ya kwake na bei wameshapatana.

Jioni nikamkalisha Kulwa. Akanionyesha maelezo ambayo Netflix wenyewe wameyaandika: saa moja ya picha ya kawaida inakula hadi GB 1, ikiwa HD, ile picha kali, hadi GB 3, na ile ya 4K, kali zaidi, hadi 7. Watoto walianza saa mbili usiku, wakamaliza saa tisa. Zidisha mwenyewe.

Ndipo nikachukua daftari. Mimi GB moja inanitoka kwa wastani wa 2,000. Tukiangalia saa tatu tu kwa siku, tena kwa picha ya kawaida, ni GB 90 kwa mwezi, yaani 180,000. Kwa HD ni GB 270, na hiyo ni 540,000. Shoga, hiyo ni kodi ya chumba na sebule, na chenji ya kununulia magunia inabaki! Kwa hiyo ile elfu kumi na kitu iliyonichekesha ni bei ya kupiga hodi. Bei ya kuingia ndani unamlipa mwenye bando, na kila saa moja ikipita anakudai tena.

Kulwa, kwa sababu alijua amekosa, akanitafutia dawa. Kwenye simu kuna mahali pa kubana matumizi, ukipachagua GB moja inakwenda kama saa sita. Nikapiga tena: saa 90 kwa mwezi ni GB 15, 30,000, ongeza malipo yao, unafika 40,000 na zaidi. Hapo ndiyo angalau unakaribiana na king'amuzi. Lakini ni kwenye kioo cha simu. Watu saba, kioo cha kiganja. Tulijaribu siku moja kuiegemeza kwenye chupa ya chai, Mama akavaa miwani, akasogea, akasogea, mwisho akawa anaangalia yeye peke yake na sisi tunaangalia kisogo chake.

Na huyo Mama ndiye aliyenimaliza. Unamjua na tamthilia zake za Kituruki, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Nikamtafutia nyingine mtandaoni, nzuri, majumba na farasi. Sauti ya Kiswahili sikuikuta, ipo ya Kituruki na ya Kiingereza, na maandishi chini. Akatazama dakika kumi, akaniuliza, "Hawa leo wamekuwaje, mbona wananisengenya mbele yangu?" Akaenda kulala saa mbili usiku, jambo ambalo halijatokea tangu Juni.

Ya mpira nitayapita haraka. Baba Kulwa ni Simba wa kufa, na Ligi Kuu iko Azam. Mkataba waliosaini na TFF, shirikisho la mpira, mwaka 2021 ni wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Kwa hiyo huyu bwana na dishi ni mpaka 2031 huko. Tangu Pamba Jiji wetu wa Mwanza wapande Ligi Kuu mwaka 2024 na mimi nimo, usinicheke. Utaniambia Azam nao wana programu ya simu. Ninayo. Nayo inakunywa bando kama wenzake, tukarudi palepale. Ligi ya Uingereza yeye anaifuata banda umiza, kile kibanda cha kulipia mpira, buku kwa mechi. Nilimwambia mechi nane kwa mwezi ni 8,000, sawa, lakini mbona anarudi ametumia 20,000? Akasema nyumbani hakuna wa kubishana naye.

Sasa na dishi nalo lisijione malaika. Wewe ulihama kabla hatujalifunga hili. Fundi alipokuja alipanda juu, akashuka, akasema, "Mama, tatizo ni jiwe." Nikamwambia Mwanza nzima tatizo ni jiwe. Akanieleza vizuri, na tangu hapo kila nikipita mtaani natazama madishi ya watu. Jirani yangu ana DStv, na setilaiti yao ipo juu ya longitudo ya digrii 36 mashariki. Sisi tuko kama digrii 33, yaani iko karibu utosini, ndiyo maana dishi lake limelala linatazama juu kama beseni linalokinga mvua. Yeye jiwe halimhusu. La kwetu linafuata digrii 7, lazima liegemee magharibi, upande wa ziwa, na upande huo ndiko liliko lile jiwe ambalo mimi na wewe tulikuwa tunaanikia nguo. Ikabidi anunue bomba refu na saruji alinyanyue. 45,000 zikaondoka kabla hatujaona hata taarifa ya habari. Na mvua za Aprili zikishuka kutoka ziwani, wingu likiwa zito, picha inaganda mtu ameachama mdomo. Umeme nao ukikatika siku mbili, siku za kifurushi zinaendelea kuhesabika, hakuna wa kukurudishia.

Lakini gharama hizo nazijua, na bomba nimelinunua mara moja. Unakumbuka ule waya wa kebo wa utotoni, uliokuwa unapita nguzo hadi nguzo na kuingilia dirishani? Baba alikuwa analipa kwa mwezi, mtoza hela anakuja na kitabu cha risiti, na ukichelewa anapanda ngazi anakata. Kisha Februari 2013 wakazima analojia hapa Mwanza, wenye antena za kawaida wakaamka na chenga. Kila mara tunaambiwa hii mpya ndiyo nafuu.

Umenitajia shemeji yako wa Houston, kwamba Marekani kebo wanazikata. Doto alinitafutia hayo, na ni kweli: Mei 2025, kwa hesabu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa TV, kuangalia mtandaoni kulifika asilimia 44.8 ya muda wote wa TV, kukazipita kebo na matangazo ya antena zikijumlishwa pamoja. Wao wana haki. Kebo ya kule inafika dola 100 kwa mwezi, na intaneti ya nyumbani wanayo tayari kwa mambo mengine, haihesabu saa. Ila mwulize shemeji kitu kimoja. YouTube TV, ile inayowapa chaneli za kebo kupitia mtandao, ilianza 2017 kwa dola 35. Januari 2025 ilifika 82.99. Netflix ya kawaida kule mwaka huohuo ilikuwa 17.99. Akichukua hizo mbili tu ameshavuka dola 100, na hapo hajalipia intaneti. Amekata waya, bili imemfuata.

Wewe sikulaumu, tena kwako umepatia. Hiyo faiba, intaneti ya waya ya 55,000 kwa mwezi, unauzia madera mtandaoni mchana kutwa, Leah anasomea, shemeji anafanyia kazi zake. TV imedandia tu gari ambalo lilikuwa linakwenda. Ingekuwa kwangu, ningehesabu hivyohivyo. Faiba huku imefika barabara ya Makongoro, madukani. Kwenye mawe bado hawajapanda. Siku wakipanda nitafungua ukurasa mwingine.

Kwa hiyo nimelipia dishi tena, tarehe 1, na Mama amerudi kwenye Waturuki wake wanaojua Kiswahili. Netflix sijaifuta, lakini iko kwenye simu yangu peke yangu, imebanwa, na hotispoti nimeibadilishia nywila ambayo hata Baba Kulwa haijui. Usiku wakishalala wote naangalia saa moja, GB inakwenda wiki. Naona si dhambi.

Dagaa wako nimewapakia kwenye basi la Jumanne, kilo tano, nusu umpe mama mkwe. Januari nitakuja Dar kufuata magunia, nitalala kwako siku nne. Ile ya Kikorea tuliyokuwa tunaifuata pamoja kabla akaunti haijagoma, mimi niliachia sehemu ya tisa, pale yule daktari anafungua bahasha. Niwekee hapohapo. Najua faiba yako haihesabu saa, lakini nakuomba, Mama Leah, usinitangulie.

Rafiki yako,
Mama Kulwa