Mahali pa chonge si kipimo cha ukoo wa nyoka

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu nyoka. Mwandishi aliwagawa mafungu mawili, wenye sumu na wasio nayo, kana kwamba kila fungu lina babu yake. Mgawanyo huo unamfaa anayetaka kujua nyoka wa kumkwepa, lakini anayeuliza nani ni ndugu wa nani utampotosha.

Chukua nyoka wa jenasi Atractaspis. Huishi chini ya udongo, na huweza kuchomoza chonge moja, yaani jino refu la sumu, pembeni huku kinywa kimefumba, hata aliyemkamata nyuma ya kichwa akidhani amemweza akachomwa kidole. Kwa kuwa chonge hizo ni ndefu na ziko mbele, wataalamu wa zamani waliwaweka pamoja na kifutu katika familia yake, Viperidae. Uchunguzi wa DNA umewatoa huko na kuwaingiza katika tawi la fira, ambamo wamo pia nyoka wa jenasi Boaedon, wala panya wasiomdhuru mtu. Kwa hiyo fira ana undugu wa karibu zaidi na wapole hao kuliko na kifutu.

Wala Colubridae, familia kubwa kuliko zote, si ya wapole watupu. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt wa Chicago alifariki siku moja tu baada ya kuumwa na Dispholidus typus aliyekuwa bado mdogo, nyoka wa mitini wa familia hiyo mwenye chonge za nyuma ya kinywa, huku akiziandika dalili zake mwenyewe. Tena utafiti wa viinitete, yaani nyoka ambao hawajaanguliwa wala kuzaliwa, uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata chonge za mbele za fira na kifutu huanza kuota sehemu ya nyuma ya taya, kisha husogea mbele kadiri kiinitete kinavyokua; ndiyo maana mahali pa chonge pekee hapaonyeshi ukoo.

Kuhusu nyoka wa kale, makala ilimtaja peke yake Titanoboa, nyoka mkubwa mno aliyekwisha toweka, ambaye ni wa upande wa boa, nyoka wasio na sumu wanaobana mawindo, si wa upande wa akina fira na Colubridae. Ingefaa zaidi kutaja pingili za uti wa mgongo zilizochimbuliwa katika bonde la Rukwa, Tanzania, zenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Zaidi ya robo tatu ya masalia hayo ni ya kundi la akina fira na Colubridae, na watafiti walioyaeleza mwaka 2014 waliyatambua humo mabaki ya kale zaidi ya familia ya fira yaliyokuwa yamejulikana barani Afrika.

Msomaji wako