Tundu la gesi kwenye karabini lisipitwe hivihivi

Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno juu ya makala yenu kuhusu karabini (bunduki fupi) za nusu-otomatiki za aina ya AR-15, kwa kuwa jambo moja liligusiwa kwa haraka mno, nalo ni mahali linapotobolewa tundu la gesi kwenye mtutu.

Risasi ikishalipita tundu hilo, sehemu ya gesi ya baruti hurudi nyuma kupitia kibomba chembamba na kulisukuma komeo, yaani kipande kinachoifunga chemba kwa nyuma, ganda likatupwa nje na risasi nyingine ikaingia chemba, chumba chake nyuma ya mtutu. Mfumo mfupi, ambao tundu lake liko takriban inchi 7 kutoka nyuma ya mtutu, huichota gesi ingali na shinikizo kubwa. Wa kati ni inchi 9 hivi, na ule mrefu wa bunduki ya kijeshi ya M16 yenye mtutu wa inchi 20 hukaribia 12. Kwa mtutu wa inchi 16 mimi ningechagua wa kati bila kusita. Mfupi hufanya kazi, sikatai, lakini komeo huwahi kufunguka ganda likiwa bado limeng'ang'ania kuta za chemba, na ukiliokota chini mara nyingi utaona ukingo wake wa shaba umekwaruzwa na ndoano iliyolivuta.

Mfumo mrefu kwenye mtutu huohuo nao una kasoro yake: risasi hutoka mdomoni punde tu ikishalipita tundu, shinikizo likashuka kabla komeo halijapata msukumo wa kutosha, hasa baruti ikiwa hafifu.

Msomaji wenu wa siku nyingi