Mwanangu, hofu hiyo ina chanzo

Mwanangu mpendwa,

Nimeyawaza sana uliyoniambia kwa simu: usingizi umekupaa, moyo hukudunda ukisikia vijana wakiimba barabarani, na unajiona mwoga bila sababu. Sababu ipo.

Desemba 2007 ulikuwa na miaka minne. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30, Bonde la Ufa likawaka. Tulitoka Burnt Forest usiku, wewe mgongoni mwangu, tukaishia kambini kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Waliouawa Kenya nzima walipita 1,100, na hilo limeandikwa. Lisiloandikwa ni kwamba kwa miezi ulikataa kulala bila viatu. Nikikuvua ukishapitiwa na usingizi, ulizinduka ukavipapasa gizani, ukavivaa, cha kulia mguu wa kushoto. Hukulia hata mara moja. Majirani wa hema wakakusifu: huyu jasiri, na mtoto husahau.

Mtoto hasahau, mwanangu. Alikosa maneno tu. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake kunusa hatari. Ikishajifunza kwamba moshi na makelele ni kifo, hupiga king'ora hata jirani akichoma mabua. Misuli hukaza, tumbo husokota. Ndiyo maana 2013, 2017 na 2022 uliugua kila kampeni zilipopamba moto, nasi tukitafuta vidonda vya tumbo.

Mwaka 1998 huko Marekani, daktari Felitti na wenzake walichapisha utafiti wa maelfu ya watu wazima. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo alivyoelekea zaidi kupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na hata maradhi ya moyo. Sikutishi. Nataka ukimwona daktari umweleze na ya kambini, si tumbo pekee.

Tena hili hutibika. Kuna washauri nasaha waliofunzwa kutibu kiwewe. Humsaidia mtu kukisimulia kisa kidogo kidogo, mahali salama, hadi mwili uelewe kwamba kimepita. Mshauri akikuharakisha useme yote siku ya kwanza, mwambie asubiri. Atakayekwambia umerogwa, mpishe. Maombi endelea nayo, na kliniki uende.

Anza sasa, kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto. Ukitaka nije nikae nawe wiki ya kura, niambie mapema nitafute wa kukamua ng'ombe.

Mama yako akupendaye.