Nafula, kabla hujajifunga kamba

Nafula mama,

Niko Salgaa, lori imeegeshwa na tanboi amelala kwa kebini, nimeona nikujibu vizuri juu ile mesej yako ya juzi haikuwa ya kujibiwa na "sawa" peke yake. Ati wewe na wenzako wa kampasi mnaenda kupanda mawe Hell's Gate, ile mbuga ya karibu na Naivasha, mwisho wa mwezi. Mamako alipoona ile picha ya Fischer's Tower alikuja kuniuliza kama ni mimi nimekutuma. Sijakutuma, na pia sikukatazi, kwani nitakukataza na uso gani na unajua kabla sijashika usukani nilikuwa nabeba kamba za watalii hapo hapo, nikiwashikilia wakipanda, na fisi yangu ya kwanza kuiona na macho ilikuwa huko. Hiyo Tower ni nguzo ya mwamba ya kama mita 25 tu, ni lava ilioganda kooni mwa volkano ya zamani, wameipa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko 1883. Watu wanaiona ni fupi wanaizoea haraka. Mita 25 ni kama ghorofa nane mama.

Sasa umesema ati mafundo unayajua, juu umenisaidia kufunga turubai tangu uko shule ya msingi. Ni kweli, na hapo ndipo nataka tuanzie. Fundo la turubai tunalifunga tukijua kesho Busia kuna mtu ana haraka atalifungua, anavuta mkia mara moja limeachilia, hiyo ndio kazi yake na ndio uzuri wake. Na likilegea Timboroa tunasimama, tunashuka, tunakaza, tunaendelea na safari. Kwa mwamba hakuna kusimama ukaze. Mikono yako imezoea kufunga mbio mbio huku unaongea na mimi huku unatafuna mahindi, na hiyo mbio ndio sitaki uende nayo, fundo lenyewe utalijua kwa siku moja.

La kujifunga mwilini ni fundo la nane, lile lenye umbo la namba 8, wachana na mengine yote kwanza. Pima kamba kutoka kwa mkia karibu mita moja, yaani kutoka vidole vya mkono mmoja ulionyooshwa mpaka bega la upande ule mwingine, hapo ukunje kitanzi, mkia upite nyuma ya kamba kubwa, uzunguke mbele, uingie ndani ya kitanzi. Imetoka nane. Alafu mkia unaupitisha kwa hanesi, ile mikanda unavaa kiunoni na mapajani, na hapa sikiza vizuri, unapita sehemu mbili, ile ya katikati ya miguu na ile ya kiunoni, hizo mbili ambazo zimeshonwa kwa nguvu na zinashikanishwa na kile kitanzi cha mbele. Sio moja. Na vile vitanzi vya pembeni vya kuning'iniza karabina, zile pete za chuma zinazofunguka, ni vya kubeba vitu tu, havikubebi wewe, nimeona mtu akitaka kujifunga hapo na alikuwa na digrii.

Ukishapita hanesi unarudi na mkia ukifuata nane ya kwanza, unaingia penye imeingia, unatoka penye imetoka, mpaka umalize nane yote. Kamba zikae mbili mbili sambamba bila kupandana, ukiangalia unahesabu jozi tano. Zikipandana fundo bado linashika lakini huwezi kulisoma haraka, na fundo lisilosomeka hakuna mtu atakuchekia, alafu ukining'inia juu yake linakaza vibaya utalifungua na meno. Kaza kila kamba moja moja, zote nne zinazotoka, sio kuvuta mbili uende. Mkia ubaki si chini ya mara kumi ya unene wa kamba, kwa hivyo kamba ya milimita 10 uache sentimita 10 na mimi huacha zaidi, karibu kumi na tano ama ishirini, lakini usiache mrefu sana ukuchape usoni. Na lile duara linaloshika hanesi liwe dogo, kama ngumi yako.

Kwa nini nasisitiza kumaliza? Kuna mama anaitwa Lynn Hill, Mmarekani, miaka ya themanini alikuwa kati ya wapandaji bora duniani, wanaume kwa wanawake. 1989 alikuwa Ufaransa, mahali panaitwa Buoux. Akapitisha kamba kwa hanesi, hajamaliza fundo, akaenda kuvaa viatu, stori zikaingia, akasahau. Jaketi ilikuwa imefunika kiunoni hakuna mwenye aliona. Akapanda mpaka juu kabisa, na huko njiani kamba haikuhitajika kwa vile hakuanguka, alafu akaegemea nyuma ili ashushwe. Kamba ikachomoka. Alianguka zaidi ya mita 20, mti ukamdaka, akavunjika mguu na kiwiko kikateguka, akapona. Na huyo huyo 1993 akawa mtu wa kwanza kabisa kupanda The Nose, njia ya kule El Capitan, ule mwamba mkubwa wa Yosemite Marekani, kwa mikono na miguu yake tu bila kuvuta vyuma, watu walikuwa wanasema haiwezekani. Huyu hakuwa hajui kufunga. Angefunga nane akiwa usingizini.

Kwa hivyo sheria ya babako ni hii na utaniambia mimi ni mzee msumbufu, ni sawa. Ukishika mkia wa kamba, huongei. Mtu akikusalimia, akuone umenyamaza, akasirike tu mtasalimiana baadaye. Viatu vivaliwe kabla, simu iingie begi kabla, jaketi ikunjwe ndani ya hanesi ama itolewe. Ukikatizwa katikati, hata kama ni pimbi ameingia kwa chapati zenu (na ataingia, wale wa Fischer's Tower hawana haya kabisa, watalii wamewaharibu), unafungua lote unaanza upya. Usimalizie fundo lililokatizwa.

Alafu mwenye anakushikilia kamba aje alishike na mkono wake. Sio kuangalia kwa mbali aseme uko poa. Alishike, ahesabu hizo jozi, avute mkia, aguse buckle ya kiuno. Na wewe umcheki yeye, kamba imeingia kifaa chake sawa, karabina imefungwa na ukiibonyeza haifunguki. Hii mfanye kila mara, hata ya mwisho jioni mkiwa mmechoka na mnataka kwenda Naivasha kula samaki, tena hiyo ya jioni ndio mbaya. Kama mpenzi wako ndio anashikilia, nasema tu kama, sijauliza, asione haya kukucheki mbele ya watu.

Hayo mafundo mengine utayapata pole pole. Lile la kufungia ng'ombe kwa kigingi tayari unalijua kutoka kwa kukhu, nyanya yako, vitanzi viwili vimepandana, wapandaji wanalitumia kujifunga huko juu pale kamba inashikizwa kwa mwamba, uzuri wake unaongeza ama kupunguza urefu bila kulifungua. Bowline, fundo lingine la kitanzi, watakuambia ni tamu juu inafunguka rahisi hata baada ya kubeba uzito, ni kweli, lakini ikikaa bila uzito inaweza kujilegeza na si rahisi kuicheki na macho, achia wenye uzoefu. Prusik, ile Muaustria Karl Prusik alionyesha watu 1931, ni kikamba chembamba unazungusha mara tatu kwa kamba kubwa, ukikivuta kinauma, ukikiachilia kinateleza. Kiwe chembamba kweli, kama milimita 6 kwa kamba ya 10, vikilingana unene hakiumi. Ukifika siku ya kuunganisha kamba mbili mshuke, mtafute mtu mzima wa hiyo kazi awe hapo. Kuna nane ya kulala ambayo watu wanaifunga kwa hiyo kazi na ikibeba uzito inajiviringisha mpaka mkia unaisha, imeua watu.

La kufunga na hutaki kulisahau ni la mwisho wa kamba. Upande ule wa mwenye anashikilia, mkia wa kamba ufungwe fundo nene, juu kamba ikiwa fupi kuliko njia na unashushwa, mkia unapita kwa kifaa chake na wewe unaendelea na safari. Ni sekunde chache tu hiyo kazi.

Kamba sasa. Kamba yangu ya lori usiiguse, hata ile mpya ya bluu. Ya kupandia ni ya nailoni na inanyooka ukianguka, ndio inakupunguzia ule mshtuko wa mgongo, katani na hizi za plastiki hazinyooki hivyo. Iwe na alama ya UIAA, lile shirikisho la kimataifa la wapandaji. Na kitu hakuna mtu wa kampasi atakuambia lakini mtu wa lori anakijua, usiibebe kwa buti ya gari karibu na betri. Asidi ya betri inakula nailoni, hata mvuke wake, na kwa nje unaweza usione kitu. Yenye hujui imelala wapi, usipande nayo. Ile ya mtumba ulinitumia picha, ya bei ya kutupa, jibu ni hapana.

Fanya hivi, kabla mwisho wa mwezi ujirekodi ukifunga nane kwa hanesi, kamera iwe karibu, mkia uonekane, alafu nitumie. Usinitumie moja nzuri umechagua, nitumie kila siku hata kama ni ya usiku umetoka klasi. Ntakuwa naangalia nikifika Kisumu kwa vile njiani bando za simu zinakataa. Pesa ya hanesi nimemtumia mamako atakupea, lakini nataka risiti ya duka, na anauliza mtalala Naivasha ama mtarudi Nakuru usiku.

Babako