Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Malindi

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Vikao vilifanyika, mafunzo ya kuchukua sampuli yalifanyika, hesabu anazo mweka hazina. Wanachama 34, waliolipa ada 13. Kelele za WhatsApp zimetoka zaidi kwa wale 21, lakini tuyaache.

Nije kwenye lililotugawa: daftari la utafiti wa virusi vya BK kwa waliopandikizwa figo. Niliamua tuligawe mafungu matatu, na nimeitwa mkaidi. Daftari la zamani lilimwandika mgonjwa yeyote aliyeonekana na virusi kwenye mkojo. Virusi hivi watu wazima wengi wanavyo tangu utotoni, vimelala. Dawa za kushusha kinga zikiviamsha, huonekana kwanza kwenye mkojo, kisha kwenye damu, ndipo figo huumia, tena si kwa wote. Ukiwachanganya hawa, dawa ya majaribio itasifiwa kwa kuwaponya wasioumwa.

Sasa mkojo pekee, hata ukizidi nakala milioni 10 za virusi kwa mililita, ni "huenda". Plazima, yaani maji ya damu, ikizidi nakala 1,000 kwa mililita kwa muda wa zaidi ya wiki mbili ni "yaelekea". Ikipita 10,000 shaka hupungua zaidi. "Imethibitika" ni kipande cha figo chenye seli zilizoharibika na zilizoshika rangi ya SV40, ile rangi ya maabara inayoonyesha virusi hivi ndani ya seli.

Mnasema kipande hakichukuliwi hapa, fungu la tatu litabaki tupu. Na libaki! Hata hicho kipande hukosea: madhara huwa madoadoa na hupenda sehemu ya ndani ya figo, ndiyo maana huhitajika angalau vipande viwili vinavyofika huko. Kikitoka safi na plazima ingali juu, mtu habanduki fungu la pili.

Kreatinini, ile taka ya damu inayopanda figo ikidhoofika, nilikataa iwe sharti. Hupanda kwa kuchelewa, na hupandishwa pia na takrolimasi, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, au mwili kuikataa figo. Kuikataa hutibiwa kwa kuongeza dawa za kushusha kinga, BK kwa kuzipunguza. Hapo hakuna kubahatisha.

Kipimo cha plazima ni kila mwezi hadi mwezi wa 9 tangu kupandikizwa, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka wa pili, maabara ileile, kwani namba za maabara mbili hazilingani. Safu nyingi ziko wazi kwa sababu wahusika hawakufika zamu. Wanajijua.

Mwakani, inshallah, tutatazama uwezekano wa kusafirisha sampuli Mombasa. Ada zinapokelewa mlangoni.