Barua kwa Rafiki Anayejiandaa Kukabidhi Biashara

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Sisi hatujambo, na ni matumaini yangu kuwa nanyi mu wazima wa afya.

Nimeisoma barua yako kwa makini, hasa pale unaposema kwamba utamkabidhi mwanao duka la vipuri huku funguo za ghala na sahihi ya hundi zikibaki kwako. Ndugu yangu, huko si kukabidhi.

Sisi tuliosomesha watoto kwa vipuri vya pikipiki tumelizoea jina la Honda kwenye maboksi, lakini maisha ya Soichiro Honda mwenyewe yananigusa zaidi. Alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza ufundi katika gereji ya Tokyo, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni yake. Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa, akaachiwa fedha na mauzo, Honda akabaki na injini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ukazuka mvutano mkubwa: mzee alishikilia kuwa injini ya gari ipozwe kwa hewa, wahandisi vijana wakataka ipozwe kwa maji, hadi Fujisawa akamtaka achague kuwa mhandisi au kuwa rais wa kampuni. Alichagua urais, akawaachia vijana kazi yao. Kwangu mimi, hapo ndipo alipoanza kustaafu, ingawa aliondoka rasmi mwaka 1973, siku moja na Fujisawa, na nafasi yake ikachukuliwa na Kiyoshi Kawashima, mhandisi aliyekulia ndani ya kampuni, wala si mtoto wake.

Baada ya hapo alizunguka viwanda na maduka kote Japani akiwashukuru wafanyakazi. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja aliurudisha mkono wake nyuma kwa kuwa ulijaa mafuta, na mzee akaushika hivyo hivyo kwa furaha.

Mwanao ni kijana mwema, lakini msimamizi wako wa kaunta ndiye anayewajua wateja wa jumla wa Morogoro hadi Ifakara, na ndiye anayejua nani hulipa kwa wakati. Waache wawili hao waagize mzigo ujao bila kukuuliza, ungali upo. Nawe utafute shughuli ya asubuhi. Mimi nawafundisha mafundi vijana kutunza hesabu, na nakukaribisha kwa mikono miwili.

Tafadhali nijibu kabla hujaitisha kikao cha familia.

Wako katika urafiki,
Mwenzako wa siku zote