Springi si yako, kifuniko ni chako

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku Mombasa tu wazima, mguu wa baba yako umepoa na bibi anakuulizia kila siku. Kifurushi chako kilifika Alhamisi na basi la usiku. Nilizitoa zile sindano zako tatu za kujidunga dawa nikazipanga mezani, na ile uliyoiandika "toleo la kwanza" ikafyatuka yenyewe, sijaigusa hata kifuniko. Springi iliruka ikagonga birika la chai. Alhamdulillahi uliituma bila ncha ya kudungia ndani. Nilipoiokota niliona zile ndimi za plastiki zilizokuwa zikiizuia zimepinda nje, kama ukucha uliochoka. Nimeziweka kwenye bahasha, usizitupe, maana swali lako linajibiwa na ndimi hizo.

Umeniuliza kama kifaa chako kinafaa kuombewa hataza, ile haki ya kisheria ya kumlinda mvumbuzi. Nimekaa nacho jioni kumi. Nimepekua kundi la hataza liitwalo A61M 5/20, ambamo nchi nyingi huweka sindano zinazojidunga, kisha nikaingia kwenye vijikundi vya springi. Nitakuambia nilichokiona bila kukupaka mafuta.

Dai la kwanza uliloliandika, yaani sentensi ya kusema unachotaka kilindwe, "kifaa cha kudunga dawa chenye bomba, springi na komeo la kuiachia springi", halisimami. Sheldon Kaplan na wenzake huko Maryland, Marekani, walikuwa wakitengeneza sindano za askari za kupambana na sumu ya neva, na hataza yao namba 4,031,893 ilitolewa Juni 1977. Kalamu ya adrenalini ya watu wenye mzio ilitoka kwenye kazi hiyo, ikapata kibali Marekani mwaka 1987. Ukiisoma hataza ile utakuta bomba, springi na komeo. Hati moja ikiwa na kila kitu kilichomo kwenye dai lako, sharti la upya limevunjika, hakuna la kubishania. Muda wake wa ulinzi uliisha zamani na mtu yeyote anaweza kuitengeneza leo, lakini mkaguzi wa ofisi ya hataza hajali hilo. Kilichotangazwa kimetangazwa.

Springi mbili, moja ya kusukuma sindano na nyingine ya kusukuma dawa, najua zilikukosesha usingizi. Zimejaa tele kwenye hataza za zamani. Na ule ukurasa wa sindano nyembamba na springi kali, mwanangu, huo ni hesabu. Tangu Poiseuille, mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 19, inajulikana kwamba ukipunguza upana wa tundu kwa nusu unahitaji shinikizo mara 16 ili dawa ipite kwa mwendo ule ule. Fundi wa kawaida wa fani hii akipewa dawa nzito atachukua kalamu na kukokotoa springi yake. Jambo ambalo fundi huyo angelifikia kwa kazi yake ya kila siku halina hatua ya uvumbuzi, hata kama wewe limekutoa jasho.

Sasa njoo kwenye toleo la tatu. Umelitaja kwa mistari miwili tu, mwishoni, kana kwamba unaomba radhi: "nimeweka utepe wa chuma kwenye kifuniko kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa zinalegea." Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Plastiki ikibebeshwa mzigo mwaka mzima hujongea polepole, na joto huiharakisha. Wewe umeuondoa mzigo huo. Kifaa kikiwa kimehifadhiwa, kulabu mbili za chuma kwenye kifuniko ndizo zinazoishika springi, na ndimi za plastiki hazibebi kitu. Mgonjwa akizungusha kifuniko robo mzunguko, kulabu zinaachia, mzigo unahamia kwenye ndimi, nazo zinaubeba sekunde chache tu hadi kifaa kibanwe pajani. Ndiyo maana ya tatu ilifika salama katika kifurushi kile kile kilichoiua ya kwanza.

Hilo sijaliona popote. Nimeona hati zinazonenepesha plastiki, na nyingine zinazoichanganya na nyuzi za kioo. Moja tu imenitia wasiwasi: ina pini ya chuma ndani ya kifuniko. Lakini pini hiyo inazuia kitufe kisibonyezwe kwa bahati mbaya, na springi inabaki imeegemea plastiki siku zote. Mkaguzi anaweza kuichukua pini hiyo, akaichukua na hati ya Kaplan, akasema ni suala la kuziunganisha. Ana haki ya kufanya hivyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2007, katika kesi ya kampuni ya KSR iliyohusu pedali za gari, kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ile ile, mara nyingi si uvumbuzi. Jibu letu ni kwamba chuma chako kinafanya kazi ambayo pini ile haikuwahi kuifanya, na kwamba wengine wote walipoona plastiki inalegea waliiongezea nguvu, hawakuipumzisha. Kwa hiyo nakuomba daftari lako lenye tarehe za majaribio, pamoja na picha za zile zilizoharibika. Aibu yako ya matoleo yaliyofeli ndiyo ushahidi wetu.

Tafadhali usilifunge dai kwenye joto. Adrenalini yenyewe huandikiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 20 na 25, na mkaguzi atauliza nani anaiweka juani. Plastiki hujongea hata chumbani, ila taratibu. Dai liwe juu ya mzigo kuhama kutoka chuma kwenda plastiki wakati wa kufungua kifuniko. Joto liingie kwenye maelezo.

Kwa maoni yangu, basi, inafaa, kwa sehemu hiyo moja. Siwezi kukuapia, kwa sababu maombi kwa kawaida hukaa miezi 18 kabla ya kuchapishwa na huenda mtu ametangulia. Hatua ya uvumbuzi ikikataliwa, sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2001 ina cheti cha modeli ya matumizi, ulinzi mdogo kuliko hataza, cha miaka 10, kinachotaka upya na matumizi ya viwandani tu. Na ujue kupata hataza si kupata ruhusa ya kuuza. Hati ya mwingine iliyo hai inaweza kukuzuia bado. Hilo tutalipekua baadaye.

Rafiki yako aliyekuchapia vipande kwa printa si mvumbuzi mwenza kwa kazi hiyo. Lakini kama yeye ndiye aliyesema "hebu kizungushe badala ya kukivuta", na robo mzunguko tunauandika kwenye dai, jina lake linaingia. Muulize mapema, kwa upole, mkiwa bado mnakula sahani moja. Kasome pia kanuni za chuo kuhusu kazi za wanafunzi.

Maonyesho ya chuo, usiende na toleo la tatu. Kenya itakusamehe miezi 12 ukijitangaza mwenyewe, na Marekani vile vile, lakini kwa Ulaya onyesho kama hilo linatosha kuua upya. Nilikuwa na mteja, mzee wa watu, aliyeonyesha pampu yake kwenye maonyesho siku ya Jumamosi akaja kwangu Jumanne. Nilimwambia mlango wa Ulaya umefungwa, akaniuliza mara mbili kama nimeelewa vizuri ni siku tatu tu. Sitaki kukuandikia wewe maneno yale. Tukishawasilisha ombi hapa, tuna miezi 12 ya kulifuatilia nchi nyingine kwa tarehe ile ile, na utaonyesha unavyotaka.

Nenda na toleo la pili. Nami nitumie mchoro wa kifuniko kabla ya Jumatatu, kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu ya njia na kikiwa kimefunguka, kulabu zionekane kwa pembeni.

Akupendaye,
Mama